Sauti Nyuma ya Pazia Jeupe

"Hana viatu," Inspekta alisema.

Daktari alikuwa amepiga magoti kwenye kifusi, glavu zake zimejaa vumbi la chokaa. Aligeuka akatazama miguu ya marehemu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mifupa ilikuwa imelala ubavu katika uwazi mwembamba kati ya kuta mbili. Jana mchana wabomoaji walikuwa wamegonga ukuta wa nyuma ya pazia la sinema ya zamani, wakakuta nyuma yake kuna ukuta mwingine, na katikati kuna mtu.

"Labda panya wamevila," Daktari alisema.

"Panya gani wanakula viatu wanaacha mkanda? Angalia, mkanda wa ngozi upo. Vifungo vya koti vipo. Hata klipu ya tai ipo. Mtu aliyevaa namna hii hatembei peku."

Daktari hakubisha. Alimweleza aliyoyaona. Ni mwanamume, si kijana sana wala si mzee. Mkono wa kushoto uliwahi kuvunjika zamani ukaunga vibaya. Hakuna ufa kwenye fuvu, hakuna alama ya kisu wala risasi. "Kama kuna aliyemuua," alisema, "mifupa haisemi."

Inspekta alichuchumaa. Karibu na mkono wa kulia kulikuwa na koni ndefu ya bati, ya kupazia sauti. Mdomo wake mpana ulikuwa umeyeyuka upande mmoja, bati limeganda kwa matone kama nta ya mshumaa. Hatua moja kutoka hapo, kwenye fremu ya mbao iliyooza iliyowahi kubeba spika, palining'inia waya mnene wa shaba uliovuliwa ganda. Alichukua penseli akaugeuza waya taratibu. Kwenye ncha yake palikuwa na tone la bati.

Alitazama sakafu. Kutoka ulipokuwa mlango wa nyuma hadi karibu na fremu kulikuwa na mbao. Chini ya fremu ilikuwa ardhi tupu.

Msimamizi wa ubomoaji alikuwa amesimama nje ya kamba, kofia mkononi, anahesabu hasara ya siku ya pili bila kazi. "Afande, mji mzima unajua ni nani," alisema. "Huyo ni Sauti. Babu yangu alikuwa akisimulia. Walisema alitoroka na meli, kumbe. Na kama unamtafuta muuaji usiende mbali. Mzee Taa yuko hai. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya picha, na siku ile ile ya mwisho waligombana mchana kweupe, barabarani, watu wanaona."

"Mzee Taa anakaa wapi?"

"Nyuma ya fundi baiskeli. Ukiona mlango uko wazi na hakuna anayeongea ndani, ndiyo hapo."

*

Chumba cha Mzee Taa kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja na kikombe kimoja. Mzee alimpa Inspekta kiti, akakaa kitandani. Alikuwa mrefu, mkavu, jicho moja limefunikwa na utando mweupe.

"Umekuja kunikamata?" aliuliza.

"Nimekuja kukuuliza, mzee wangu."

"Basi uliza. Wiki hii hajasimama mtu mlangoni ila mwenye nyumba."

Inspekta alimuuliza kuhusu ugomvi. Mzee Taa alikubali mara moja, bila kujiuma ulimi.

"Tuligombana, ndiyo. Lakini huwezi kuelewa tuligombania nini bila kujua pale palikuwa mahali gani. Mwanzo lilikuwa ghala la chumvi. Bosi alileta mashine, akaleta jenereta, na mkewe, Bi Tiketi, akashona shuka zikawa pazia. Basi mshono ukapita katikati. Kila mwigizaji akija karibu alikuwa na kovu usoni! Tuliwazoea hivyo. Pazia jipya lilipokuja watu walilalamika kwamba wamebadilishiwa waigizaji."

Alicheka peke yake, akaendelea.

"Picha zilikuwa bubu. Maandishi yalikuwa ya lugha ya watu wengine, na waliojua kuyasoma hawakujaza benchi. Kwa hiyo Sauti alisimama kando ya pazia na koni yake ya bati, akasema. Yeye ndiye mume, yeye ndiye mke, yeye ndiye polisi, yeye ndiye farasi. Na alikuwa akibadilisha hadithi. Leo mtu kafa, watu wakinuna, kesho hajafa, kazimia tu. Picha ni ile ile! Watu hawakuja kuangalia picha, mwanangu. Walikuja kumsikiliza yule."

"Halafu ikaja mashine ya sauti."

"Ikaja. Nilimwambia, kaka, njoo juu nikufundishe mashine, kazi ya chini imekwisha. Akaniambia yeye si fundi wa taa. Na mimi nilikuwa kijana, mdomo haukuwa na breki. Nikamwambia kuanzia leo atakuwa analipa kiingilio kama wengine. Huo ndio ugomvi."

"Na jioni ya ufunguzi?"

Mzee Taa alishika magoti yake kwa mikono miwili. "Watu walijaa mpaka madirishani. Wakubwa wa leseni walikuja kutoka makao makuu, wamekaa mbele na suti zao. Picha ikaanza kusema. Watu wakashangaa, wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Hakuna aliyeelewa hata neno. Ukimya ule sijausikia tena. Kutoka juu nikaona mtu anainuka kuondoka, na mwingine. Halafu nikamsikia."

"Sauti?"

"Ilitoka ndani ya pazia lenyewe. Yule mzungumzaji kwenye picha anafungua mdomo, Sauti anasema. Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya mabenchi, wanaita jina lake. Walioanza kutoka wakarudi mbio. Mimi huko juu nilikuwa nalia na kucheka, nikasema huyu mtu kashinda mashine."

"Aliendelea muda gani?"

"Hata nusu ya rili ya picha haikwisha. Ikakatika katikati ya neno. Spika nazo zikafa. Taa ya mashine yangu ikafifia, ikarudi."

Inspekta aliinua kichwa. "Taa ilififia kabla ya spika kufa au baada?"

"Pamoja. Kama mtu kafumba jicho."

"Ukafanya nini?"

"Nikasimamisha. Bosi akapanda ngazi anahema, akasema nyaya zimekorofisha, watu warudi kesho. Nikamuuliza, na Sauti? Akasema kamtoa kwa mlango wa nyuma, kamfukuza kwa kumvurugia shughuli mbele ya wageni. Kesho yake nikasikia kapanda meli."

"Na ukuta?"

"Ule aliujenga Bosi mwenyewe, kwa mikono yake. Mtu aliyekuwa hawezi hata kupigilia msumari! Alisema ni wa kuzuia mwangwi. Nikamwambia sauti sasa inatoka kama mtu kafunikwa blanketi. Akaniambia niangalie mashine yangu."

"Hukushuka kutazama?"

"Nishuke nikatazame nini? Nilijua rafiki yangu kaondoka na hasira zake bila kuniaga. Nikamkasirikia." Mzee aligeuza uso ukutani. "Nimemkasirikia mpaka jana."

Inspekta alifunga daftari. Chumba cha mashine kilikuwa juu, mwisho wa ngazi moja tu, na ukumbi mzima uliona mwanga ukiwaka wakati sauti inakatika. Mtu anayeendesha mashine hawezi kuwa mahali pawili. Msimamizi wa ubomoaji alikuwa amempa njia isiyofika popote.

"Alikuwa na familia?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Mke, kafa zamani. Na binti. Yule aliyekuwa opereta wa simu posta. Bi Simu."

*

Bi Simu alifungua mlango kabla Inspekta hajabisha mara ya pili. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea, mkoba begani, lakini hakuwa na safari. Alipomkaribisha, sauti yake ilikuwa nzito na safi, kila neno limekamilika. Miaka yote aliyokaa posta, watu wa mji walikuwa wakinyanyua simu hata kama hawana wa kumpigia, wamsikie tu akisema "namba gani tafadhali".

"Nilijua utakuja," alisema. "Nimevaa tangu jana."

Sebule ilikuwa nadhifu mno, kama ya mtu anayesubiri wageni ambao hawaji. Inspekta alimuuliza kama baba yake aliwahi kuvunjika.

"Mkono wa kushoto. Alianguka akiigiza mtu anayeanguka. Mama alikuwa akisema hata kuvunjika kwake kulikuwa kwa ajili ya watu wengine." Alishika kamba ya mkoba wake. "Ndiye?"

"Nadhani ndiye, mama. Nikiwa na hakika nitakwambia."

Bi Simu aliitikia kwa kichwa. Hakulia. "Shuleni walikuwa wakiniita mtoto wa mtoro. Mama alikuwa akifunga dirisha kila meli ikipiga honi. Alikufa anamlaani. Mimi nilipata kazi posta, nikasema vizuri, siku moja atapiga simu, na atakayepokea ni mimi. Kuna wanaume wawili walikuja kunichumbia, watu wa bara. Ningeolewa ningehama." Alitengeneza kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjamana. "Sasa unaniambia alikuwa mtaa wa tatu."

Inspekta aligeuza ukurasa wa daftari. Aliuliza lililomleta. "Alikuwa na viatu vya namna gani?"

"Viatu vyake ninavyo."

"Unavyo?"

Bi Simu aliingia chumbani akatoka na kitambaa cheupe kilichofungwa. Ndani mlikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, soli nene, vimepakwa rangi hivi karibuni. "Ndivyo alivyovaa siku ya mwisho. Nakumbuka, nilimfunga kamba moja, yeye akafunga nyingine."

"Vilirudije hapa?"

"Bi Tiketi alivileta asubuhi yake. Alimwambia mama kwamba baba kanunua vipya vya safari, hivi kamwachia. Mama alivitupa uani. Mimi nikaenda kuviokota."

Inspekta alivigeuza. Kwenye kisigino cha kulia palikuwa na doa la chokaa. Alivirudisha kwenye kitambaa taratibu.

"Nikiviazima, utaniamini kwamba nitavirudisha?"

"Wewe ndiye mtu wa kwanza kuja kumuulizia," Bi Simu alisema. "Chukua."

*

Bi Tiketi alikaa ghorofa ya kwanza, ng'ambo ya barabara. Dirisha la sebule yake lilitazama moja kwa moja mgongo wa sinema, mahali ambapo sasa palikuwa na tundu na kamba ya polisi. Kiti chake kilikuwa kimewekwa mbele ya dirisha hilo, na zulia chini yake lilikuwa limelika.

"Karibu, mwanangu. Mpwa wangu huja Ijumaa tu, kwa hiyo chai utajimiminia."

"Asante, mama, nimeshakunywa. Nimekuja kwa habari ya Sauti."

"Maskini. Alikuwa na kipaji. Alipanda meli baada ya ile mashine kuja."

"Ulimwona akiondoka?"

"Nilimwona. Asubuhi, na sanduku lake. Aliniaga pale kwenye dirisha la tiketi."

"Alikuwa kavaa nini?"

"Suti yake. Kofia. Viatu vipya."

"Vya rangi gani?"

"Vyeusi. La, vya kahawia." Alicheka. "Utanisamehe, miaka mingi."

"Mtu tuliyemkuta ukutani mkono wake uliwahi kuvunjika pale pale alipovunjika Sauti. Ana koni ya Sauti. Ana koti la Sauti."

"Basi mume wangu alinificha jambo. Mungu amsamehe, ameshafika huko. Muulize yeye."

Inspekta alifungua kitambaa juu ya meza ndogo.

Bi Tiketi alitazama viatu. Mkono wake ulitoka kwenye paja, ukasimama hewani, ukarudi.

"Mtu wa ukutani yuko peku," Inspekta alisema. "Asubuhi iliyofuata viatu vyake vilikuwa mikononi mwako. Kama mumeo alikuficha, wewe ulivitoa wapi?"

"Alinipa mwenyewe."

"Mama, alikuwa ameshakufa."

Barabarani lori lilipita, vikombe vikalia kabatini. Bi Tiketi alingoja mpaka vikome.

"Vilikuwa mlangoni," alisema. "Mlango wa nyuma. Vimepangwa pamoja, kama vya mtu aliyeingia kulala. Bosi alisema nivichome moto. Sikuweza. Nilisema angalau vifike kwao."

"Nani alimfungulia mlango?"

"Mimi. Mume wangu hakujua. Niliona kule mbele watu wananyamaza. Niliona wale wa leseni wanatazamana. Sauti alikuwa amesimama nje, kwenye uchochoro, kama mbwa aliyefukuzwa, anasikiliza. Nikamwambia ingia nyuma ya pazia, sema kama zamani." Alifuta midomo kwa ncha ya kanga. "Nikamwambia avue viatu. Zile mbao zilikuwa zikilia, wageni wangesikia mtu anatembea."

"Sakafu iliyobaki ilikuwa ya nini?"

"Udongo. Kila jioni tulikuwa tukiimwagia maji, vumbi lisiingie kwenye spika."

"Endelea."

"Alisema. Ulisikia alivyosema? Hukuwepo, utasikiaje. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na ngozi yangu yote ilisisimka. Alisogea karibu na spika ili sauti itoke mahali pamoja. Nikaona mwanga wa buluu, mdogo tu. Nikaona anakaa chini. Nilidhani amechoka. Bosi alipokuja alimgusa shingo. Akasema tukitangaza maiti leo, wale waliokaa mbele watafunga jengo na halitafunguliwa tena. Akasema tusubiri mpaka wageni waondoke. Wakakaa siku tatu. Kufikia hapo Bosi alikuwa ameshafika safu ya mwisho ya matofali. Na mimi nilikuwa nimeshasema habari ya meli. Nilifikiri mtu aliyesafiri ni afadhali kuliko aliyekufa. Nilifikiri watamngoja kidogo, watasahau."

"Hawakusahau."

"Najua. Binti yake nilimsikia kila siku kwenye simu. Mimi sikuwa na mtu wa kumpigia, nilikuwa nauliza saa."

Inspekta aliandika. Alimweleza kwamba kuficha maiti ni kosa, kwamba maelezo yake yatakwenda kwa mwendesha mashtaka, na kwamba kesho aje kituoni na mpwa wake ayatie sahihi. Bi Tiketi alikubali kila kitu kama mtu anayesomewa bei ya bidhaa.

"Jambo moja sijawahi kulielewa," Bi Tiketi alisema, Inspekta alipoinuka. "Zile spika tulikuwa tukizigusa sote. Fundi, Bosi, hata mimi nilikuwa nikizipangusa. Hakuna aliyepata hata mtetemo. Kwa nini yeye?"

Inspekta alitazama viatu mezani, na soli zake nene, akafikiria udongo uliolowa chini ya miguu mitupu. Alivifunga kwenye kitambaa, akakaza fundo.

"Waya ulikuwa umevuliwa ganda," alisema. "Ni bahati mbaya, mama."

"Bahati mbaya," Bi Tiketi alirudia, akageuza kiti chake dirishani.

*

Siku iliyofuata, mchana, maelezo yalipokuwa yameshatiwa sahihi, Inspekta alimpeleka Bi Simu hospitali. Njiani alimweleza yote, isipokuwa lile ambalo hakumweleza Bi Tiketi. Bi Simu alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza kazini, bila kumkatiza.

"Aliteseka?" aliuliza walipofika langoni.

"Umeme haukawii."

"Na watu walikuwa wakishangilia?"

"Walikuwa juu ya mabenchi. Mzee Taa anasema alishinda mashine."

Bi Simu alitembea hatua kadhaa. "Na huyu mwanamke, anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Kama mimi," Bi Simu alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Watakaponiita mahakamani nitakwenda. Sitasema afungwe. Nitasema tu nilivyoishi. Wataamua wao."

Chumba cha maiti kilikuwa baridi, kuta za vigae, beseni moja kwenye kona. Daktari alikuwa ameipanga mifupa juu ya meza na kuifunika shuka. Alimuuliza Inspekta kwa macho, Inspekta akakubali, Daktari akaikunja shuka mpaka kifuani.

Inspekta alikuwa amesimama mara nyingi pembeni ya meza kama hiyo na ndugu wa marehemu. Alijua pa kuweka mikono watu wakianguka. Alisogea hatua moja karibu.

Bi Simu hakuanguka. Alitazama kwa muda mrefu, kuanzia paji hadi mkono uliounga vibaya. Alikuwa na mvi kichwa kizima na miwani minene, na aliyelala mbele yake alikuwa mwanamume aliyekufa kabla ya kuota hata unywele mmoja mweupe. Mtu asiyejua angedhani ni mama aliyekuja kumtambua mwanawe.

Alivua miwani. Akaweka mkoba sakafuni. Kisha akapiga goti kidogo, kama mtoto wa miaka sita aliyefundishwa adabu, akasema kwa ile sauti nzito na safi ambayo mji mzima uliijua:

"Shikamoo, baba."

Daktari alifunga bomba la maji lililokuwa likidondoka kwenye beseni. Inspekta aliinamisha kichwa. Bi Simu alibaki ameinama vile vile, uso umeelekea mezani, akingoja kwa kadiri ambayo mtu hungoja kuitikiwa.

Kisha akainuka, akaokota mkoba wake, akauliza ni lini anaweza kumzika.